Kitabu cha kanzidata hata mtumba, cha tovuti angalia mwaka

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haitulii. Watoto wa ndugu, wa majirani, hata wa wanachama wenzangu wa kikoba, wote wana swali moja: "Shikamoo anti, nataka kujifunza kutengeneza tovuti yenye kanzidata nyuma yake, ninunue kitabu gani?" Kanzidata ni ile hifadhi ya taarifa zilizopangwa ambayo tovuti inasoma na kuandika. Zamani nilikuwa nataja jina la kitabu na mazungumzo yanaishia hapo. Siku hizi nauliza kwanza. Kompyuta unayo au utaazima? Bando unalimudu? Na kuna kitu gani hasa unachotaka kompyuta ikukumbukie? Hilo la tatu ndilo ambalo wengi hawana jibu lake, na ndilo linaloamua kama kitabu kitasomwa mpaka mwisho au kitaishia kuwekewa glasi ya chai.

Mimi sikusomea kompyuta. Nilisomea uhasibu ngazi ya cheti, nikawa mweka hazina wa kikoba chetu hapa Morogoro. Kwenye kikoba mambo ya kuandika yanajulikana: hisa, mfuko wa jamii, mikopo, marejesho, faini. Tulianza na kaunta buku, tukahamia Excel. Karatasi ilikuwa moja, kila muamala na mstari wake, na kila mstari ulibeba jina la mwanachama, namba ya simu, mtaa anaokaa na mdhamini wake. Mama akibadili laini, namba mpya inaingia kwenye mistari mipya, ya zamani inabaki kule juu. Siku ya kutuma ujumbe wa kukumbusha rejesho hujui ipi ni ipi. Majina nayo yalikuwa na yake. Mtu mmoja aliandikwa Mwanaidi, mara Mwana Idi, mara M. Iddi, na kompyuta ikamhesabia hisa kama watu watatu. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kitabu.

Nilivipata viwili kwa mpigo, Dar es Salaam, kwa wauza vitabu wanaotandaza turubai maeneo ya Posta. Kimoja cha SQL, lugha ya kuiuliza na kuiamuru kanzidata; kingine cha PHP, lugha ya kuandikia tovuti, na MySQL, programu ya kanzidata. "Chukua hivi dada yangu," muuzaji aliniambia, "vipya kabisa, hata mgongo haujavunjika." Migongo kweli ilikuwa haijavunjika. Ila vyote viwili vilichapwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mimi nilikuwa navisomea kwenye kompyuta iliyowekewa programu za zaidi ya miaka kumi baadaye.

Cha SQL hakikunigomea hata mara moja. Naandika amri ilivyo kitabuni, jibu linakuja. Cha PHP kiligoma kwenye mfano wake wa kwanza unaogusa kanzidata. Kompyuta ilisema haijui kitu kinachoitwa mysql_connect, funksheni ya PHP ya kujiunga na MySQL. Nikarudia herufi kwa herufi, ikasema vile vile. Baadaye nikaelewa kwamba funksheni ile na ndugu zake wote walikuwa wameshazikwa: PHP 5.5 ya mwaka 2013 ilitangaza kwamba zinaondolewa, na PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015, ikazifuta kabisa.

Vitabu viwili vya umri mmoja, kutoka turubai moja, kimoja kizima na kingine kimekufa. Tangu siku hiyo sijawahi kuvipima kwa kipimo kimoja.

Cha SQL kilikuwa kimesimama juu ya kitu kilichotulia. Wazo la kuweka taarifa kwenye majedwali yanayohusiana aliliandika Edgar Codd, mtafiti wa IBM kule San Jose, California, mwaka 1970. Lugha ya SQL ilizaliwa humo humo IBM miaka michache baadaye, kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce, ikapewa kiwango rasmi Marekani mwaka 1986 na cha kimataifa mwaka uliofuata. MySQL yenyewe imebadili wenyewe: kampuni ya Sun waliinunua mwaka 2008, kampuni ya Oracle wakawameza Sun mwaka 2010, na mmoja wa waanzilishi wake akajitenga na kuanzisha MariaDB, kanzidata iliyochipuka kutoka kwake. Lakini amri za SQL kama SELECT, FROM, WHERE na GROUP BY ziko pale pale kokote uendako. Kitabu cha Alan Beaulieu kinachoitwa Learning SQL kilitoka mara ya kwanza mwaka 2005, na toleo lake la tatu likatoka 2020. Ukimpa mwanafunzi lile la zamani kwa sababu ndilo ulilolipata, hutakuwa umemdhulumu. Kilichobadilika zaidi kwa macho ya anayeanza ni mifano, kutoka benki kwenda duka la kukodisha filamu. Na mwaka 2020, nani bado anakodi filamu dukani?

Nyongeza zipo, sikatai. MySQL ilijaliwa namna ya kukokotoa jumla inayopanda mstari kwa mstari katika toleo la 8.0 tu, mwaka 2018, na kwa mtu wa kikoba hiyo ni neema, kwani salio la kila wiki lilikuwa linatutoa jasho. Kitabu cha zamani hakitakwambia habari hiyo. Lakini yale kinayokwambia bado ni kweli, na anayeanza hana haja ya zaidi.

Kitabu cha tovuti kikizeeka hakina bahati hiyo. Tena kinachogoma si kibaya sana, kwa sababu kinakushtua mapema. Kibaya ni kile kinachokubali.

Vitabu vingi vya zama zile, vikifika kwenye fomu ya kujisajili, huchukua alichoandika mtu na kukibandika moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, katikati ya vialama viwili vya kunukulia. Mwandishi anajaribu kwa Smith, inakubali, anahamia sura nyingine. Sisi tulikuwa na mwanachama Msukuma ambaye jina lake linaanza na Ng'w. Kile kialama kinachofuata g, kwa MySQL, maana yake jina limeishia hapo. Jina linakatika kwenye Ng, herufi zinazobaki zinasomwa kama amri, na kanzidata inarudisha malalamiko kuhusu sarufi. Msomaji wa Ohio anaweza kumaliza kitabu kizima asikutane na jambo hilo, labda awe na rafiki anayeitwa O'Brien. Huku kwetu ukianza kuandikisha watu wa Shinyanga, au anwani za Ng'ambo kule Zanzibar, jua halijachwa umeshalikuta.

Na tundu hilo hilo linalomkwaza Msukuma wa watu ndilo mlango wa mwizi. Anayejua mchezo anaandika kialama kwenye nafasi ya nywila, anafuatisha sharti ambalo siku zote ni kweli, kama '1'='1', na mfumo unamkaribisha ndani. Dawa inajulikana zamani: amri inatayarishwa kwanza ikiwa na alama za kuuliza mahali data itakapokaa, halafu data inapelekwa peke yake, hivyo kialama kilichomo ndani ya jina kinabaki sehemu ya jina. Kwa PHP kazi hiyo hufanywa na PDO au mysqli, nyenzo zake za kuongea na kanzidata, na PDO imekuwa ikija pamoja na PHP tangu toleo la 5.1 la mwaka 2005. Kwa hiyo nikishika kitabu cha PHP, hata kabla ya kuuliza bei, nafungua faharasa mwishoni natafuta neno prepare. Kisha natafuta password_hash, funksheni ya kuficha nywila kabla ya kuihifadhi, iliyoingia mwaka 2013. Kitabu kinachofundisha kuhifadhi nywila kwa md5, njia ya zamani isiyo salama, au Mungu apishe mbali, zilivyo kama zilivyo, nakirudisha kwenye turubai na kumuaga muuzaji.

Mwaka nao una ujanja wake. Usiangalie jalada, fungua ukurasa wa haki miliki. Huko utakuta vitu viwili ambavyo wauzaji hupenda kuvichanganya: mwaka wa toleo na mwaka wa kuchapwa. Matoleo ya bei nafuu yanayochapwa India yamejaa mitaani, na ni mkombozi wa wengi wetu, lakini kitabu kinaweza kuwa kimechapwa juzi ilhali maneno yaliyomo ni ya toleo la miaka kumi na tano iliyopita. Karatasi nyeupe isikuzuge.

Upande wa sura ya tovuti, yaani lugha za HTML na CSS, hali ni ya katikati. Kitabu cha Jon Duckett cha mwaka 2011 ni kati ya vitabu vizuri kwa macho nilivyowahi kushika. Mtu anayeogopa kompyuta akikifunua, woga unapungua. Bado nakiazimisha kwa ajili ya sura za vichwa vya habari, picha, viungo, fomu na rangi. Sura za kupanga ukurasa nazibana kwa klipu, kwa sababu zinapanga kwa float, mbinu ya zamani ya CSS, na siku hizi tunapanga kwa flexbox na grid, ambayo iliingia kwenye vivinjari vikubwa Machi 2017. Jambo jingine: vitabu vya miaka ile vilimwona msomaji wa tovuti akiwa ofisini mbele ya kioo kipana. Ethan Marcotte aliandika makala yake maarufu ya kurasa zinazojikunja kulingana na kioo mwaka 2010, ikachukua muda wazo lile kuenea vitabuni. Akina mama wa kikoba chetu hakuna hata mmoja atakayefungua salio lake kwenye kompyuta. Ni simu, tena iliyopasuka kioo pembeni. Kitabu kisichoanza na simu si cha kwetu.

Kuhusu fremuweki, yaani viunzi vya msimbo ulioandikwa tayari ambavyo unajengea tovuti juu yake, nitasema kidogo tu: usianze nazo, na kama utanunua kitabu chake, nunua wiki unayotaka kukisoma. Waliojifunza AngularJS, mojawapo ya fremuweki hizo, waliona mwaka 2016 jina likibaki karibu lile lile huku vya ndani vikiandikwa upya, na kufikia mwisho wa 2021 ile ya zamani ikawa haihudumiwi tena. Vitabu vyake sasa vinauzwa kwa bei ya karatasi.

Nirudi kwenye kanzidata, kwa sababu huko ndiko anayeanza anapopaswa kukaa muda mrefu, na ndiko watu wanakopita mbio. Vijana wanataka kuona kitu kwenye kioo. Majedwali hayana rangi, hayang'ai, huwezi kumwonyesha rafiki. Lakini fomu mbaya utaibadilisha jioni moja, ilhali majedwali yaliyopangwa vibaya, yakishajaa data za watu, utahangaika nayo mwaka mzima.

Vitabu vya chuo vya somo hili ni vinene na vinatisha. Kile cha Connolly na Begg, ambacho vijana wengi hukutana nacho chuoni, mfano wake mkuu ni kampuni ya kubuni ya kupangisha nyumba, DreamHome, yenye matawi Glasgow, Aberdeen, London na kwingineko huko Uingereza. Kwa mtu wa Mzumbe hiyo ni safari ndefu. Wafanyakazi wake wanakagua nyumba kwa utaratibu ambao madalali wetu wangeucheka. Nilipoona sura hazipandi kichwani niliacha kuusoma mfano na nikaanza kuutafsiri: tawi likawa kikundi, mpangaji akawa mwanachama, mkataba wa pango ukawa mkopo. Sura ya kuvunjavunja majedwali, ile inayowatoa watu machozi, ikafunguka. Namba ya simu si mali ya muamala, ni mali ya mwanachama, kwa hiyo inakaa kwenye jedwali la wanachama mara moja tu, na muamala unabeba namba ya utambulisho ya mwanachama basi. Mama akibadili laini, unabadilisha sehemu moja. Mwanaidi, Mwana Idi na M. Iddi wakawa mwanachama mmoja. Kaunta buku isingeweza kufanya hivyo, na Excel yetu ilikuwa kaunta buku iliyowashwa umeme.

Ndiyo maana nawauliza vijana wana kitu gani cha kukumbukwa na kompyuta. Mwenye duka la baba yake ana bidhaa na madeni. Mwimbaji wa kwaya ana waimbaji, nyimbo na ratiba. Mtoto wa mfugaji ana ng'ombe, chanjo na maziwa, na huyo ana bahati ya kukutana na kile kialama siku ya kwanza. Kitabu chochote cha kanzidata kinasomeka kama kila ukurasa una pa kuutua. Asiye na pa kuutua atanakili mifano yote ya benki, kila kitu kitafanya kazi, na akifunga kitabu hataweza kuanzisha jedwali moja la kwake.

Kuna vitu vidogo ambavyo vitabu vya Marekani havitakwambia na inabidi uvijue mwenyewe. Namba zetu za simu zinaanza na sifuri. Ukifuata mfano unaohifadhi namba kama tarakimu, 0754 itageuka 754 na ile sifuri haitarudi. Hifadhi kama maandishi. Majina yetu mara nyingi ni matatu, na kitabu kinakupa nafasi ya jina la kwanza na la mwisho. Kuna safu ya jimbo na ya ZIP (namba yao ya posta), sisi tuna kata, mtaa na S.L.P. Tarehe wao wanaanza na mwezi. Fedha usiiweke kwenye safu ya aina ya FLOAT (si ile float ya CSS) hata kama mwandishi ameiweka; tumia DECIMAL, kwa sababu FLOAT inakadiria, na mwenyekiti wa kikoba hakubali makadirio.

Vifaa vya kufanyia mazoezi navyo vinachagua kitabu. Karibu vitabu vyote vya PHP vinakuelekeza uweke XAMPP, furushi la programu za kuendeshea tovuti kwenye kompyuta yako. Ni sawa, ila jiandae: Apache, seva ya tovuti iliyomo humo, inataka mlango namba 80, na kama kuna programu nyingine imeukalia, kama Skype za zamani zilivyokuwa zinafanya, haitawaka, na kitabu chako pengine hakitalitaja hilo. Kwa mwenye kompyuta dhaifu na umeme wa kubahatisha namshauri atafute kitabu kinachotumia SQLite, kanzidata nyepesi. Haina seva ya kuwasha, kanzidata nzima ni faili moja unaloliweka kwenye fleshi na kwenda nalo kwa rafiki mwenye umeme. D. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000 na ameiacha huru kwa kila mtu. Kila simu ya Android inayo ndani yake.

PDF za wizi sizitaji, ingawa nazijua mnazo. Tatizo langu nazo, mbali na haki ya mwandishi, ni kwamba mtu anakusanya vitabu mia kwenye simu na kusoma kurasa ishirini za kila kimoja. Kuna vya halali visivyolipiwa: Eloquent JavaScript ya Marijn Haverbeke inasomwa bure mtandaoni, ingawa si laini kama jina lake na nisingempa mtu kama kitabu cha kwanza. Miongozo ya PHP na ya PostgreSQL, kanzidata nyingine, inapakuliwa mara moja, unaisoma bila bando.

Na Kiingereza. Wengi hawapendi kulisema hili mbele za watu. Kuna vitabu vya wanaoanza vilivyojaa utani wa Kimarekani, picha za watu wanaongea kwa mafumbo, na mwanafunzi aliyemaliza shule ya kata anadhani ameshindwa SQL kumbe ameshindwa utani. Kitabu kikavu chenye sentensi fupi kinamfaa zaidi kuliko kinachosifiwa kwa uchangamfu. Kipimo changu ni kufungua katikati, si mwanzo, kwa sababu sura ya kwanza ya kila kitabu ni rahisi, na kumwambia anisomee ukurasa mmoja halafu anieleze kwa Kiswahili. Akieleza, tunalipa.

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma Dodoma, nilimpa kile cha SQL cha Posta, kilichotoka mgongo sasa. Alikimaliza upande wa majedwali akaniandikia: "Shangazi, sasa nataka cha tovuti." Nikamwambia kwanza anitolee orodha ya mikopo yote ya kikoba, kila mmoja na jina la mkopaji na jina la mdhamini wake. Inaonekana rahisi, ila mkopaji na mdhamini wote ni wanachama, wako kwenye jedwali moja, kwa hiyo lazima uliite jedwali hilo hilo mara mbili kwa majina mawili tofauti. Alipotea siku kadhaa. Usiku mmoja amri ikaja WhatsApp, ikiwa na JOIN mbili, yaani miunganisho ya majedwali, na yale majina mawili, m na d, mahali pake, bila maelezo wala salamu. Niliijaribu kwenye data zetu na majina yote yakatoka, pamoja na la yule wa Ng'w. Kitabu cha tovuti nilimnunulia mwezi uliofuata, toleo jipya la mwaka ule ule, kwa bei ambayo mpaka leo sijamwambia baba yake.